Usiku wa Pointi 100, Alikosa Mara 27

Hotuba kwa walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu, Mwanza. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi ya sauti. Vicheko vimepunguzwa, na yameongezwa maneno machache ambayo muda haukuruhusu.

Mama Mkuu wa Chuo, wakufunzi, walimu wanafunzi, na ninyi vijana mnaochungulia pale dirishani kwa sababu mmesikia kuna mpira: mwangaluka!

Asanteni. Wahaya, Wakerewe, Wajita, Wakurya, wote mmeitika Kisukuma. Mwanza imewakaa.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie maisha ya mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu aliyegeuka kuwa mwalimu. Nadhani aliyeiandika alitaka nijieleze mimi. Habari zangu ni fupi. Nilicheza pale uwanja wa Mirongo, nikaenda Dar es Salaam nikacheza kwa posho, goti likagoma, nikarudi nyumbani kufundisha hisabati. Na posho yenyewe nikiwatajia ilikuwa kiasi gani, mtanichangia nauli ya kurudi Ilemela. Kwa hiyo nimewaletea mtu mwingine, mwenye habari za kujaza ukumbi.

Nani hapa amewahi kulisikia jina la Tom Meschery? Hakuna mkono hata mmoja. Vizuri sana, maana ningeuliza Michael Jordan mngenyoosha hata miguu.

Meschery alizaliwa mwaka 1938 mjini Harbin, Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Wazazi wake walikuwa Warusi waliokimbilia huko baada ya mapinduzi ya 1917, na jina lao la ukoo lilikuwa Mescheryakov. Baba alitangulia Marekani kutafuta maisha. Kabla mama na watoto hawajamfuata, vita ikafunga njia, Wajapani wakawaweka kizuizini Tokyo mpaka vita ilipoisha. Mtoto huyo ameona kambi ya vita kabla hajaona goli la kikapu. Ndipo wakafika San Francisco, familia ikakutana tena. Nyumbani lugha ni Kirusi, nje lugha ni Kiingereza. Baadaye jina likafupishwa likawa Meschery, kwa kuwa miaka ile Marekani ukiitwa jina la Kirusi unatazamwa kwa jicho la shaka.

Naomba hapo mpashike, kwa sababu mkienda kwenye mazoezi ya kufundisha mtamkuta. Hamtamkuta Mrusi. Mtamkuta mtoto wa Ukerewe au wa kisiwa cha Kome, amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na nyumbani pengine anaongea Kikerewe au Kisukuma, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza anaambiwa kuanzia leo biolojia, jiografia na hisabati ni kwa Kiingereza. Anakaa kimya. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito. Tutarudi kwake.

Meschery akakua akafika mita 1.98. Akasoma Saint Mary's College kule California, na mwaka 1961 timu ya Philadelphia Warriors ikamteua akiwa wa 7 katika uteuzi wa wachezaji wapya. Mwaka uliofuata timu ikahamia San Francisco, yaani ikamfuata nyumbani kwao. Msimu wake wa kwanza kabisa aliongoza ligi nzima ya NBA, ile ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Mnajua kwa nini? Kwa faulo! Hakuna mtu aliyechezea wenzake rafu kumzidi. Alikuwa mgomvi, watu wakambandika majina ya ukichaa. Mwalimu wenu mtarajiwa huyo.

Sasa njooni Machi 2, 1962, mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania. Watazamaji 4,124, na mchezo haukuoneshwa kwenye televisheni. Warriors wanacheza na New York Knicks. Kwenye timu ya Meschery yupo Wilt Chamberlain, mita 2.16, mtu ambaye mabeki walikuwa wakimning'inia kama watoto kwenye daladala. Usiku huo Chamberlain alifunga pointi 100 peke yake. Mia! Hakuna aliyewahi kuzifikisha kwenye NBA, kabla wala baada. Matokeo yalikuwa 169 kwa 147. Meschery alifunga 16. Guy Rodgers, mtoa pasi, alitoa asisti 20, yaani pasi zilizozaa vikapu, na nchini kwetu ningependa siku moja nikutane na mtu mmoja tu anayemtaja Rodgers kabla ya Chamberlain.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nisameheni, lazima nifungue daftari la takwimu. Chamberlain alirusha mara 63 katika mchezo wa kawaida, zikaingia 36. Thelathini na sita juu ya sitini na tatu: gawanya kwa tisa juu, gawanya kwa tisa chini, unapata nne juu ya saba. Mnaona hesabu ilivyo nzuri? Katika kila mara saba, nne zimeingia na tatu zimekataa. Usiku ambao dunia inaukumbuka kuliko usiku wowote wa mpira wa kikapu, mtu yule alikosa mara 27, mbele ya watu, wenye tiketi zao mkononi. Na mitupo minne ya adhabu nayo aliikosa.

Hilo la mitupo ya adhabu ndilo lililonileta hapa.

Chamberlain alikuwa mbovu sana kwenye mstari wa adhabu. Umesimama mita 4.6 kutoka kwenye ubao wa goli, hakuna anayekuzuia, na mpira hauingii. Msimu ule wa 1961–62 akabadili mtindo: akawa anashika mpira kwa mikono miwili, anaushusha katikati ya magoti, anaurusha kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayemwaga maji kwa ndoo. Asilimia yake ikapanda mpaka 61, ya juu kuliko msimu mwingine wowote wa maisha yake. Usiku ule wa Hershey aliingiza 28 kati ya 32. Mtindo ule ulifanya kazi, na namba zipo.

Akauacha. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijiona anaonekana kama mtoto, kama si mwanamume. Jitu la mita 2.16, lililoweza kumbeba yeyote kati yetu kwa mkono mmoja, liliona aibu ya kurusha mpira kwa namna isiyopendeza. Msimu wa 1967–68 akafikia asilimia 38. Kati ya kila mitupo mia ambayo hakuna mtu anamzuia, 62 zilikuwa zinakataa, na njia ya kuziponya alikuwa anaijua!

Na kwenye ligi hiyohiyo alikuwepo Rick Barry, aliyeingia Warriors mwaka 1965 akacheza na Meschery misimu miwili. Barry alirusha kwa mtindo huohuo wa chini maisha yake yote. Walimcheka. Akaingiza karibu 9 katika kila 10, mpaka anastaafu.

Sasa nawauliza, walimu wenzangu. Darasani kwenu mtakuwa na akina Chamberlain wangapi? Watoto ambao njia ya kupata jibu wanaijua, ila njia yenyewe inapitia mahali pa kuchekwa. Kuhesabu kwa vidole kidato cha pili. Kuuliza maana ya neno ambalo wenzako wote wanajifanya wanalijua. Kusoma kwa sauti Kiingereza cha kujikwaa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama Mkuu wa Chuo, uniwie radhi, lakini wahenga hawakuwa na ukumbi wa kuheshimu.

Mimi naamini, na mnaweza kunibishia wakati wa maswali, kwamba kitu pekee cha maana ambacho mchezaji anakileta darasani ni kwamba amezoea kukosa mbele ya watu. Wanasema wachezaji tunaleta nidhamu. Nidhamu gani? Nimeishi na wachezaji, nawajua. Wanasema tunaleta moyo wa kushirikiana. Jeshi nalo linao, na kwaya ya kanisa inao. Lakini mtu aliyewahi kukosa mtupo wa mwisho, timu ikafungwa kwa pointi moja, akapita katikati ya mashabiki kwenda kupanda daladala ileile wanayopanda wao, huyo hatamwambia mtoto “kaa chini, mjinga wewe” kwa sababu amesema saba mara nane ni hamsini na nne. Hataweza. Mdomo utakataa.

Turudi kwa Meschery, maana nilimwacha uwanjani. Mwaka 1967 alihamia Seattle SuperSonics, timu iliyokuwa inaanza kabisa. Akacheza mpaka 1971, misimu 10 jumla, na mwaka 1963 alikuwa amechaguliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi. Anastaafu ana miaka 32. Hebu fikirini umri huo. Wengi wenu hapa mtakuwa hamjathibitishwa kazini.

Lakini kuna kitu alikuwa akikifanya muda wote. Alikuwa anaandika mashairi. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka 1970, akiwa bado amevaa jezi ya Seattle. Yule aliyeongoza ligi kwa faulo! Alipostaafu akafundisha timu msimu mmoja kule Carolina, ukocha haukumkalia, akaacha. Akaenda Chuo Kikuu cha Iowa, kwenye programu yao maarufu ya uandishi, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi pamoja na vijana ambao wengine bila shaka walikuwa wamekuwa wakimtazama kwenye televisheni. Akafungua duka la vitabu katika mji wa Truckee, milimani California. Na mwishowe akaingia darasani, sekondari, Reno, jimbo la Nevada, akafundisha Kiingereza kwa zaidi ya miaka 20.

Kiingereza. Mtoto ambaye nyumbani kwao waliongea Kirusi ndiye aliyesimama kuwafundisha watoto wa Kimarekani lugha yao. Na pigeni hesabu: misimu 10 ya jezi, zaidi ya miaka 20 ya chaki. Warriors walistaafisha namba yake, 14, hakuna mwingine anayeivaa, imening'inizwa juu kwenye ukumbi wao. Kwa upande wa ualimu hakuna anayening'iniza kitu juu, nyote mnajua, na mmejiandikisha hivyohivyo.

Kuna wenzake wengi waliofanya mambo ya elimu kwa fedha zao. David Robinson alianzisha shule San Antonio mwaka 2001. Jirani yetu Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari, akaishia kwenye kikapu, akajenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, na shule nje ya Mbuji-Mayi yenye jina la baba yake, Samuel. Mambo makubwa hayo. Ila mimi nimemchagua Meschery kwa sababu hakujenga jengo. Alisahihisha insha. Mwenye kujua idadi ya insha za darasa moja la watoto 45, na madarasa manne, anajua ninachokisema.

Najua mnataka niwaambie nafanyaje mimi. Nawapa jambo moja.

Muhula wa kwanza, kidato cha kwanza, kabla ya kufungua sura ya asilimia nawatoa nje kwenye goli. Kila mtoto anarusha mara kumi, mwenzake anaandika. Kanuni ni moja: mwalimu anaanza. Na nakosa, goti hili halinidanganyi, na umri nao unasaidia. Wanacheka mpaka wanashika matumbo. Naandika ubaoni kwa herufi kubwa: Mwalimu, 4 kati ya 10. Baada ya hapo hakuna mtoto anayeogopa kusema yeye amepata 2. Tunarudi ndani, namba zote ziko ubaoni, za darasa zima, na hapo ndipo sehemu, desimali na asilimia zinapoingia, kwa sababu kila mtu ana namba yake ya kuitetea. Mtoto aliyekaa kimya tangu Januari utamsikia: “Mwalimu, mimi ni asilimia ishirini!” Anasema kwa fahari! Kwa Kiswahili, ndiyo. Kiingereza kitamfuata, hakina haraka hiyo.

Wakifika kidato cha tatu, cha nne, wakianza kusumbuliwa na sine na cosine, narudi palepale kwenye goli. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45. Mpira wa wanaume una kama sentimita 24. Mpira ukianguka wima kutoka juu, unaiona ringi yote, sentimita 45. Ukija umelala, ringi inajifinya. Ukiingia kwa nyuzi 45, nafasi unayoiona ni 45 mara sine ya 45, karibu sentimita 32, bado unapita. Ukiingia kwa nyuzi 30, sine ya 30 ni nusu, nafasi ni sentimita 22 na nusu, na mpira ni 24. Haupiti bila kugonga chuma. Naomba muone nyuso za watoto siku hiyo. Wale wanaorusha mpira kama wanapiga ndege kwa manati wanaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini kocha anawapigia kelele “nyanyua, nyanyua!” Kocha alikuwa anawafundisha trigonometria, yeye mwenyewe hajui.

Na kama mnadhani nimelazimisha ndoa ya mpira na darasa, nawakumbusha mchezo huu ulizaliwa wapi. Desemba 1891, Springfield, Massachusetts. Baridi kali, theluji nje, na ndani kuna darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo, wakorofi hasa. Walimu wawili walikuwa wameshanyoosha mikono. Mkuu wa idara akamkabidhi darasa hilo mwalimu kijana kutoka Kanada, James Naismith, akampa siku 14 abuni mchezo wa kuwatuliza. Mwalimu wa zamu mwingine angeingia na fimbo. Naismith aliomba masanduku mawili kwa mtunza jengo, akaambiwa hakuna, kuna vikapu vya kuvunia matunda. Akavipigilia misumari kwenye ukingo wa roshani, kimoja kila upande. Ukingo ulikuwa futi 10 kutoka chini, na ndiyo maana mpaka leo, Mirongo au Los Angeles, ringi iko mita 3.05 kutoka chini. Hakuna mwanasayansi aliyeipima. Ni roshani ya jengo la shule.

Mechi ya kwanza iliisha kwa goli moja kwa sifuri, na kila mpira ukiingia mtu anapanda ngazi kuutoa. Naismith baadaye akafundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas, na hapa mnisikilize: alishinda mara 55 akafungwa mara 60. Chuo kile kimekuwa na makocha mashuhuri, na mmoja tu ndiye aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Ni yule aliyeubuni mchezo.

Nikiwaza darasa la Naismith nawaza ngoma zetu. Wasukuma hapa wananielewa: Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wakishindana baada ya mavuno, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemhamia. Hakuna refa wa kumlalamikia. Watu wakikukimbia, umeshindwa, hata kama hatua zako zilikuwa sahihi. Ukiwa darasani saa nane mchana, Oktoba, joto la Mwanza unalijua, na nje ya dirisha mwuza miwa anapita, wewe ni Mgika na mwuza miwa ni Mgalu. Andalio la somo linaweza kuwa limesainiwa na mkuu wa shule. Umati uko wapi?

Nitasema jambo moja lisilopendeza, halafu niwaachie.

Mtapangiwa shule, na kwa kuwa ninyi ni vijana mtapewa na michezo. Mtamwona mtoto mrefu. Mtaambiwa, mwalimu, huyu ni Hasheem Thabeet wa pili. Mashindano ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, yanakaribia, mtoto anatolewa darasani wiki nzima, kambi, kisha mkoa, kisha taifa, anarudi mwezi umekwisha, hakuna aliyemwekea hata daftari moja. Niliwahi kufanya kazi kwenye shule iliyowachukua vijana warefu wawili kutoka visiwani kwa ajili ya kikombe. Kikombe kilikuja, kiko kabatini, kinapigwa vumbi. Vijana walipofeli kidato cha nne hakuna aliyewatafuta. Mmoja nakutana naye mwaloni Kirumba, anabeba magunia ya dagaa, na mgongo wake mrefu unamtesa kuliko wenzake. Ananiamkia vizuri sana. Shikamoo yake inanichoma.

Thabeet mwenyewe, tuelewane, alifanya jambo ambalo hakuna Mtanzania aliyekuwa amelifanya. Alianza kikapu akiwa na miaka 15, na mwaka 2009 akateuliwa wa pili katika uteuzi mzima wa NBA. Uteuzi ule unachukua watu wasiozidi 60 kwa mwaka, kutoka dunia nzima. Wa pili! Na hata yeye, ndani ya NBA, hakumaliza misimu sita. Ligi ile ni ya namna hiyo kwa karibu kila mtu. Kwa hiyo unapomtoa mtoto kwenye kipindi cha hesabu ili akawe Thabeet, piga hesabu ya kile unachomnyang'anya na cha kile unachomwahidi. Kama huwezi kuipiga, mrudishe kipindini, mazoezi ni saa kumi.

Sisemi mtoto asicheze. Acheni acheze mpaka jua lizame! Ninachokataa ni mwalimu anayemtumia. Meschery alikuwa anaandika mashairi akiwa bado na jezi. Kuna mtu, mahali fulani, alimfundisha kusoma mashairi kabla hajafika mita 1.98, na hakumtoa darasani siku hiyo.

Mama Mkuu wa Chuo ameangalia saa mara mbili, nimeona. Namalizia na vifaa, kwa sababu najua swali la kwanza litakuwa “mwalimu, shuleni kwetu hakuna goli.” Nendeni kwa fundi wa kuchomelea, hapo Mabatini wapo tele. Ringi halali inatengenezwa kwa chuma cha milimita 16 hadi 20, kwa hiyo nondo ya milimita 16 inafaa. Kuna mti imara au nguzo, unaifunga mita 3.05 kutoka chini, pimeni kwa futi, msikadirie kwa macho. Ubao wa mbao chakavu utavumilia masika moja au mbili. Msiwaze sakafu ya ukumbi. Fainali ya kwanza ya kikapu kwenye Olimpiki, Berlin 1936, ilichezwa nje, juu ya udongo, mvua ikinyesha, mpira haudundi kwenye tope, Marekani ikaifunga Kanada 19 kwa 8, na Naismith alikuwepo kwenye michezo hiyo.

Ila fundi msimwachie hesabu. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45 kwa ndani. Ukizidisha na pai unapata kama sentimita 141. Mkimpelekea 141 atakata 141, atakunja, atachomelea, atawadai hela yake, na ringi itakuwa ndogo. Mwambieni akate karibu 147. Kwa nini 147? Anayeijua sababu aje uwanjani sasa hivi anieleze, nina mpira kwenye begi, na yule kijana wa dirishani mwenye raba nyekundu ndiye atakayeanza kurusha, kwa mtindo wa chini.